Georg Dionysius Ehret

Georg Dionysius Ehret (Heidelberg, Ujerumani, 30 Januari 1708 – London, Uingereza, 9 Septemba 1770) alikuwa mtunza bustani na mchoraji wa mimea kwa rangi za maji. Anahesabiwa kuwa mmoja wa wachoraji wakuu wa mimea wa karne ya 18.

Anajulikana hasa kwa picha zake za matawi ya miti yenye maua, hasa magnolia kutoka Amerika Kaskazini, na kwa jedwali la picha alilolichora mwaka 1736 kueleza mfumo wa Carolus Linnaeus wa kupanga mimea. Hakusoma chuo kikuu. Alianza kazi kama kijana wa bustani, lakini mwaka 1757 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza. Jenasi ya miti iitwayo Ehretia, ambayo baadhi ya spishi zake huota Afrika Mashariki, imepewa jina lake.

Mazingira ya wakati wake

Katika karne ya 18 meli za Ulaya zilikuwa zikirudi na mbegu, vitunguu vya maua, miche na matawi makavu kutoka Amerika, Asia na Afrika. Matajiri wa Uingereza, Uholanzi na Ujerumani walishindana kuotesha mimea hiyo mipya katika bustani zao. Nchi zenye baridi kali zilijenga nyumba za vioo zilizopashwa moto ili mimea ya nchi za joto isife.

Tatizo lilikuwa namna ya kuitambua na kuielezea mimea hiyo. Mmea mmoja uliweza kuwa na majina kumi tofauti katika vitabu kumi. Tawi likikaushwa na kubanwa katika karatasi hubaki na umbo lake kwa sehemu tu: rangi hupotea, ua hulala bapa, na tunda nene haliwezi kubanwa kabisa. Kabla ya kuvumbuliwa kwa kamera, njia pekee ya kumwonyesha mtaalamu wa mji mwingine jinsi ua bichi linavyoonekana ilikuwa picha iliyochorwa kwa mkono. Kwa hiyo mchoraji hakuwa mpambaji wa kitabu tu, bali ushahidi wa mtaalamu ulitegemea jicho na mkono wake.

Utoto na mafunzo

Ehret alizaliwa Heidelberg wakati Ujerumani haijawa nchi moja, bali ilikuwa imegawanyika katika tawala nyingi ndogo. Baba yake alikuwa mtunza bustani ambaye pia alijua kuchora, na ndiye aliyempa mwanawe masomo ya kwanza ya kushika penseli. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na mama yake aliolewa tena na mtunza bustani.

Akiwa kijana alipelekwa kwa mjomba wake huko Bessungen, karibu na mji wa Darmstadt, ili afunzwe kazi ya bustani. Kazi yenyewe ilikuwa ya jembe, maji na mbolea, lakini ilimpa elimu ambayo wachoraji wengi wa mjini hawakuwa nayo. Alijua jinsi chipukizi linavyovimba kabla ya kufunguka, jinsi jani changa linavyotofautiana na jani lililokomaa, na mahali hasa ambapo kikonyo cha ua hutokea kwenye tawi. Mambo hayo yalikuja kuonekana baadaye katika picha zake.

Karlsruhe

Baada ya mafunzo aliajiriwa katika bustani za Karl Wilhelm, mtawala wa Baden-Durlach, aliyeanzisha mji wa Karlsruhe mwaka 1715. Mtawala huyo alipenda sana maua, hasa tulipu, na aliwalipa wachoraji wamchoree maelfu ya picha za maua ya bustani yake.

Ehret alikuwa ameajiriwa kama mtunza bustani, lakini mtawala alipoona michoro yake alianza kumpendelea. Upendeleo huo ulizua wivu kwa wafanyakazi wenzake, na maisha pale yakawa magumu. Ehret aliomba ruhusa ya kuondoka, akapewa, akaenda kutafuta riziki kwingine.

Mkataba wa Regensburg

Katika mji wa Regensburg alikutana na Johann Wilhelm Weinmann, mfamasia tajiri aliyekuwa akiandaa kitabu kikubwa cha picha za mimea. Weinmann alimpa mkataba wa kuchora picha 1,000 kwa mwaka mmoja, kwa malipo ya thaler 50 pamoja na chakula na malazi. Hesabu hiyo ilimaanisha karibu picha tatu kila siku bila kupumzika.

Mwaka ulipokwisha Ehret alikuwa amekamilisha picha 500 hivi. Weinmann alihesabu kwamba mkataba haukutimizwa, akampa thaler 20 na kumwachisha kazi. Kitabu cha Weinmann, Phytanthoza iconographia, kilianza kutoka mwaka 1737 kikiwa na mabamba zaidi ya 1,000 ya rangi. Kijana aliyetoa mamia ya michoro mwanzoni mwa kazi hiyo hakunufaika nacho.

Kisha alifanya kazi kwa miaka kadhaa kwa mwenye benki mmoja wa mji huohuo. Alimtilia rangi picha za kitabu cha mimea ya Malabar, kusini mwa India, na kumchorea mimea ya porini iliyoota kandokando ya Regensburg. Katika kipindi hicho alipata nafasi ya kuchora polepole na kwa uangalifu, bila kuhesabiwa idadi ya picha kwa siku.

Urafiki na Christoph Jacob Trew

Mwanzoni mwa miaka ya 1730 michoro yake ilimfikia Christoph Jacob Trew (1695–1769), daktari wa mji wa Nürnberg aliyekuwa mkusanyaji wa vitabu na picha za mimea. Trew aliona mara moja kwamba kijana huyu ana kipaji, lakini aliona pia kwamba anatumia karatasi duni. Alimshauri achore kwenye karatasi kubwa na nzuri, naye akaahidi kuinunua kila picha ya namna hiyo atakayoichora.

Ahadi hiyo ilibadilisha maisha ya Ehret. Kwa zaidi ya miaka 30 alimtumia Trew picha kutoka popote alipokuwa, na Trew alimlipa, akamwandikia barua, akamwelekeza sehemu za ua ambazo mtaalamu angependa kuziona. Trew hakuwa bwana aliyenunua jasho la mtu kwa bei ya chini, bali alikuwa mwenzi wa kazi. Makusanyo yake yamehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Erlangen.

Safari za Uswisi, Ufaransa na Uingereza

Akiwa na kazi ya uhakika kutoka Nürnberg, Ehret alianza safari ndefu, kwa sehemu kubwa kwa miguu. Alipita Basel na miji mingine ya Uswisi, akaingia Ufaransa na kufika Montpellier, mji wenye chuo cha tiba na bustani ya mimea ya zamani. Kutoka huko alikwenda Paris.

Huko Paris alipokelewa na Bernard de Jussieu, mtaalamu wa bustani ya mfalme. Katika bustani hiyo kulikuwa na desturi ya zamani ya kuchora mimea kwenye ngozi laini ya ndama badala ya karatasi. Ehret alijifunza njia hiyo. Ngozi ya ndama ina uso laini sana, hainyonyi rangi kama karatasi, na humwezesha mchoraji kuweka mistari membamba na kuonyesha mng'ao wa petali. Tangu wakati huo picha zake bora zaidi alizichora juu ya ngozi.

Mwaka 1735 alivuka kwenda Uingereza akiwa na barua za kumtambulisha. Alifahamiana na Hans Sloane, daktari na mkusanyaji mashuhuri, na Philip Miller, msimamizi wa bustani ya miti-dawa ya Chelsea. Alikaa karibu mwaka mmoja, kisha akaenda Uholanzi.

Jedwali la Linnaeus

Mwaka 1736 Ehret alifika Hartekamp, karibu na Haarlem, kwenye bustani ya George Clifford, tajiri mwenye benki. Hapo alimkuta Carolus Linnaeus, Mswidi aliyemzidi kwa chini ya mwaka mmoja, ambaye alikuwa ameajiriwa kuorodhesha mimea ya Clifford.

Linnaeus alikuwa na wazo jipya: kuigawa mimea yote katika madaraja 24 kwa kuangalia viungo vya uzazi vya ua, yaani idadi na mpangilio wa stameni, ambazo hutoa chavua. Katika kila daraja, pistili zilitumika kupata migawanyo midogo. Maelezo ya maneno peke yake yalikuwa magumu kufuata. Ehret alichora ukurasa mmoja wenye vielelezo 24, kila kimoja kikiwa na herufi yake, akionyesha viungo hivyo kwa kila daraja. Mtu aliyetazama ukurasa huo aliweza kuelewa mfumo mzima kwa muda mfupi.

Ehret aliuchapisha ukurasa huo Leiden mwaka 1736 na kuuza nakala kwa wataalamu wa mimea wa Uholanzi. Mwaka uliofuata Linnaeus alitia vielelezo hivyohivyo katika kitabu chake Genera plantarum bila kutaja jina la mchoraji. Miaka mingi baadaye Ehret aliandika kwa uchungu kwamba Linnaeus, alipokuwa akianza kujijengea jina, alichukua kila alichokisikia na kukiona kwa wengine. Hata hivyo wawili hao hawakuvunja uhusiano, waliendelea kuandikiana.

Ehret alichora pia picha 20 kwa ajili ya Hortus Cliffortianus, kitabu cha Linnaeus kuhusu bustani ya Clifford kilichotolewa mwaka 1738. Picha hizo zilichongwa kwenye shaba na Jan Wandelaar. Katika kitabu hicho jina la Ehret lilitajwa.

Magnolia ya Parsons Green

Mwishoni mwa mwaka 1736 Ehret alirudi Uingereza, akaifanya makao yake hadi kufa. Mwaka 1738 alimwoa Susanna Kennet, ndugu wa mke wa Philip Miller, na hivyo akaingia katika ukoo wa watu wa bustani ya Chelsea.

Mwezi Agosti 1737 ilienea habari kwamba mti wa magnolia umetoa maua katika bustani ya Charles Wager, mkuu wa jeshi la majini, huko Parsons Green, magharibi mwa London. Mti huo, ambao leo huitwa Magnolia grandiflora, hutoka kusini-mashariki mwa Marekani. Hauachi majani yake wakati wa baridi, na ua lake jeupe lenye harufu nzuri huweza kufikia upana wa sentimita 20 au zaidi. Ulikuwa miongoni mwa magnolia za kwanza za aina hiyo kuchanua Uingereza, na wakazi wa London waliopenda mimea waliusubiri kwa hamu.

Ehret alitembea kwa miguu kutoka Chelsea kila siku kwenda kuutazama mti huo. Hakutaka kuchora ua lililokwisha kufunguka tu. Alirekodi hatua zote, kuanzia chipukizi lililofungwa hadi ua lililopevuka. Ilikuwa lazima afanye haraka, kwa kuwa ua la magnolia hudumu siku chache. Petali nyeupe zikiguswa huacha alama za kahawia, stameni hudondoka na kulala ndani ya petali, na ua likikatwa hunyauka upesi.

Michoro ya siku hizo ilimpatia mali aliyoitumia kwa miaka mingi. Mchoro wake wa magnolia ulitumika katika kitabu cha Mark Catesby kuhusu viumbe vya Carolina, Florida na visiwa vya Bahama, na magnolia ilionekana pia katika kitabu chake na Trew. Katika picha hizo tawi linabeba ua moja kubwa katikati. Majani yanang'aa upande wa juu, na pale jani linapogeuka huonekana rangi ya kutu ya upande wa chini, jambo ambalo ni alama ya kutambulisha mti huu.

Namna yake ya kuchora tawi la mti

Kuchora mmea mdogo ni rahisi kuliko kuchora mti, kwa sababu mmea mdogo huweza kuonyeshwa mzima, tangu mzizi hadi ua. Mti hauingii kwenye ukurasa. Mchoraji hulazimika kuchagua tawi moja ambalo litasema habari za mti wote. Kazi ya Ehret inaonyesha jinsi alivyolitatua tatizo hilo.

Kwanza, alichagua tawi lenye hatua mbalimbali za ukuaji, yaani chipukizi, ua linaloanza kufunguka, ua kamili na majani ya umri tofauti. Pale ambapo tunda hutokea miezi kadhaa baada ya ua, alilichora kwa wakati wake na kulitia kando ya picha. Kwa njia hiyo ukurasa mmoja ulionyesha vitu ambavyo haviwezi kuonekana kwenye mti kwa siku moja.

Pili, alichora kwa ukubwa halisi kila ilipowezekana. Ndiyo maana ushauri wa Trew kuhusu karatasi kubwa ulikuwa na maana: ua la magnolia likichorwa kwenye karatasi ndogo hupoteza kipimo chake cha kweli.

Tatu, alilipasua ua na kuchora sehemu zake za ndani moja moja: stameni, pistili, ovari na mbegu. Sehemu hizo ndizo Linnaeus alizozitumia kupanga mimea, hivyo picha bila hizo ingempendeza mtazamaji lakini isingemsaidia mtaalamu.

Nne, alianza na mchoro wa penseli mbele ya mmea wenyewe na kutia rangi mahali pachache tu kama kumbukumbu, kwa sababu ua halisubiri. Picha kamili aliimaliza baadaye nyumbani. Katika picha hiyo alichanganya njia mbili za rangi za maji: tabaka nyepesi zinazopenyeza mwanga, na rangi nzito isiyopenyeza mwanga, iliyofaa kwa weupe na kwa mng'ao wa majani magumu. Ua jeupe ni mtihani mkubwa, kwa kuwa karatasi nayo ni nyeupe. Ehret alilitenganisha kwa vivuli vya kijivu na kijani hafifu, na kwa kuliweka mbele ya majani ya kijani kibichi.

Mwalimu na mchoraji wa London

Mjini London Ehret alipata wateja wengi. Daktari Richard Mead na Hans Sloane walinunua picha zake. Margaret Bentinck wa Portland, mwanamke kabaila aliyekuwa na makusanyo makubwa ya viumbe vya asili huko Bulstrode, alinunua mamia ya picha na kumpa kazi ya kuwafundisha binti zake.

Kufundisha kuchora maua kukawa sehemu muhimu ya kipato chake. Katika familia za kikabaila wasichana walitarajiwa kujua kuchora, na Ehret alikuwa mwalimu aliyetafutwa kuliko wengine. Aliwafundisha katika miezi ambayo familia hizo zilikaa London, na zilipokwenda mashambani wakati wa kiangazi alirudi kwenye kazi zake mwenyewe.

Alichora pia kwa ajili ya vitabu vya wasafiri na wataalamu wengine. Miongoni mwavyo ni kitabu cha Griffith Hughes kuhusu Barbados (1750), cha Patrick Browne kuhusu Jamaika (1756) na cha Alexander Russell kuhusu mji wa Aleppo, Syria (1756).

Mwaka 1750 alipewa kazi katika bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Oxford. Hakudumu. Baada ya kutoelewana na Humphrey Sibthorp, profesa wa mimea, aliondoka mwaka 1751 na kurudi London.

Kuanzia mwaka 1748 alitoa kwa sehemu kitabu chake mwenyewe, Plantae et papiliones rariores, chenye picha za mimea adimu na vipepeo. Humo alifanya kila kitu mwenyewe: alichora, alichonga mabamba ya shaba na kutia rangi.

Plantae selectae

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa Plantae selectae, iliyoanza kutoka mwaka 1750. Trew aliandika maelezo ya Kilatini na kugharamia kazi, Ehret alichora, na Johann Jakob Haid wa Augsburg alichonga mabamba ya shaba. Kitabu kilipangwa kuwa na mafungu kumi, kila fungu likiwa na picha kumi, jumla 100. Kila nakala ilitiwa rangi kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayefungua kitabu hicho hukuta mimea anayoijua vizuri, ingawa kwa wasomaji wa Ulaya wa wakati ule ilikuwa ya ajabu: mgomba, mpapai na nanasi. Mgomba ulipewa picha kadhaa, kwa sababu mkungu, ua na tunda lake havikuweza kuelezwa katika ukurasa mmoja.

Kitu kingine cha pekee ni kwamba kitabu hicho kina picha za sura za watu watatu: Trew mwandishi, Ehret mchoraji na Haid mchongaji. Wote watatu walionyeshwa kuwa wenye kazi kwa pamoja. Kwa mtu aliyeachishwa kazi Regensburg na ambaye jedwali lake lilichapishwa bila jina lake, heshima hiyo ilikuwa na uzito. Hata hivyo hakuiona kazi imekamilika. Trew alifariki mwaka 1769, Ehret mwaka uliofuata, na fungu la mwisho lilitoka mwaka 1773 chini ya uangalizi wa Benedict Christian Vogel.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1757 Royal Society ilimchagua Ehret kuwa mwanachama. Lilikuwa jambo la nadra kwa mtu aliyeishi kwa kazi ya mikono na asiye na shahada. Mwaka 1758 aliandika kwa Kijerumani habari fupi za maisha yake. Maandishi hayo yalichapishwa kwa Kiingereza mwishoni mwa karne ya 19, na ndiyo chanzo kikuu cha mambo yanayojulikana kuhusu ujana wake.

Mnamo mwaka 1767 alipata kazi kutoka kwa Joseph Banks, kijana tajiri aliyekuwa amerudi na mimea kutoka Newfoundland na Labrador. Ehret alimchorea mimea 23 kwenye ngozi. Mwaka 1768 Banks aliondoka na nahodha James Cook kuelekea Bahari ya Pasifiki, akiwa amemchukua mchoraji kijana Sydney Parkinson.

Macho ya Ehret yalikuwa yamedhoofika katika miaka yake ya mwisho. Alifariki tarehe 9 Septemba 1770 akiwa na umri wa miaka 62.

Urithi

Picha za Ehret zimehifadhiwa London katika Makumbusho ya Historia ya Asili, Makumbusho ya Victoria na Albert na bustani ya Kew, na pia Erlangen nchini Ujerumani. Makumbusho ya Historia ya Asili yana pia michoro yake ya awali ya penseli, ambayo huonyesha vizuri kuliko picha kamili jinsi alivyofikiri: vipimo, rangi chache na maelezo aliyoyaandika pembeni.

Mchango wake una pande mbili. Upande wa sayansi, aliunganisha uzuri wa picha na sehemu za ndani za ua zilizohitajika kwa uainishaji. Mpangilio huo, wa tawi katikati ya ukurasa na viungo vilivyopasuliwa kando yake, hutumiwa na wachoraji wa mimea hadi leo. Hata baada ya kuja kwa kamera wataalamu wanaoeleza spishi mpya bado huwatumia wachoraji, kwa sababu picha ya kamera huonyesha ua moja la siku moja, kumbe mchoraji anaweza kukusanya katika ukurasa mmoja chipukizi, ua, tunda na mbegu.

Upande wa pili unahusu haki ya mwenye kazi. Maisha ya Ehret yanaonyesha kwamba elimu ya mimea ya karne ya 18 haikujengwa na maprofesa peke yao. Ilitegemea pia watunza bustani, wachongaji, watia rangi na wachoraji, ambao wengi wao majina yao hayajulikani. Ehret mwenyewe alijulikana kwa sababu alikutana na watu kama Trew waliokubali kuandika jina lake kando ya lao.

Jenasi Ehretia

Mwaka 1756 Patrick Browne, katika kitabu chake kuhusu Jamaika, aliita jenasi moja ya miti Ehretia kwa heshima ya mchoraji wake. Leo jenasi hiyo ina spishi kadhaa za miti na vichaka katika nchi za joto za Afrika, Asia na Amerika.

Mojawapo ni Ehretia cymosa, mti mdogo unaoota katika misitu na kando ya mashamba nchini Ethiopia, Kenya, Uganda na Tanzania. Hutoa maua madogo meupe yenye harufu nzuri, yaliyokusanyika kwa vishada kwenye ncha za matawi, na baadaye vitunda vidogo vya mviringo ambavyo ndege huvila.